"Si nilikupigia honi?" Uzi wa sisi tunaoenda kazini na baiskeli

Cheni Imeruka (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Naandika mkono mmoja bado unatetemeka kwahiyo mkikuta herufi zimerukana mnisamehe.

Leo asubuhi nipo zangu pembeni naenda kazini, barabara ni ile ya njia moja kwenda moja kurudi, na mbele yangu kuna shimo ambalo nalijua vizuri kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu maana nalipita kila siku. Nikageuza shingo nikaangalia nyuma, nikanyoosha mkono kuonyesha nasogea katikati kidogo nikwepe, gari lililokuwa nyuma lipo mbali tu wala halina shida. Sasa ile nishaanza kusogea nikasikia honi, sio ile pii ya kusalimiana, ile ndeeefu ya mtu aliyelalia usukani, afu kufumba na kufumbua saitimira yake ikanipitia kwenye kiwiko. Haikuniumiza sana, kile kioo kilijikunja chenyewe kama kilivyotengenezwa, tii, ila hendo ikacheza, tairi la mbele likazama kwenye lile lile shimo nililokuwa nalikimbia na nikajikuta nimeshuka mguu mmoja naruka ruka kama kuku aliyefungwa kamba. Sikuanguka. Cheni ndio iliruka.

Nikairudisha (wenye baiskeli mnaelewa, grisi nyeusi mpaka ndani ya kucha na shati ni jeupe), nikapanda nikaendelea. Dakika chache mbele kwenye mataa namkuta huyo huyo! Nyekundu imewaka, katulia, kashusha kioo anasikiliza redio. Nikasimama ubavuni kwake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, maneno mazito kwelikweli, lakini nilipofika pale nikajikuta nauliza kitu kimoja tu, "bosi, hukuniona?" Akanijibu kwa upole kabisa, na huo upole ndio umenikosesha raha mpaka saa hizi, "nilikuona bwana, si nilikupigia honi?"

Yaani kwake yeye pale alishamaliza kila kitu. Honi ni risiti. Akishabonyeza basi deni limelipwa, kinachofuata ni juu yako wewe na kiwiko chako. Wala hakuwa na roho mbaya, ukimkuta msibani ni mtu wa kukuvutia kiti ukae. Nimeendesha baiskeli kwenda kazini miaka sita sasa na mtu anayetaka kuniumiza kwa makusudi nimekutana naye labda mara mbili, waliobaki wote ni hawa, wameniona, wamenipigia honi, wamepita.

Na kinachonichekesha ni kwamba karibu kila anayenipita kwa fujo namkuta kwenye mataa au kwenye foleni. Kila siku! Anakuovateki kwa nguvu, injini inalia, anakurushia vumbi, anachomekea mbele yako, anapiga breki, mnasimama wote. Wakati mwingine mimi ndio natangulia kuvuka. Sasa ile haraka ilikuwa ya nini.

Afu kuna wale wa kukata kona. Huyu ndiye namuogopa kuliko wote. Anakupita vizuri kabisa, anakuacha nafasi hata unataka kumpungia mkono, halafu akishakutangulia nusu ya gari anakumbuka kwamba kona yake ni hii hapa, anakata mbele yako, indiketa anaiwasha akiwa tayari ameshaingia nusu. Kwenye akili yake wewe ukishapitwa umetoweka. Hajui kwamba baiskeli inayotembea vizuri inakwenda spidi 20 mpaka 25 kwa saa, na gari likipunguza mwendo ili likate kona linakuwa kwenye spidi hiyo hiyo, kwahiyo mpo sambamba kabisa na yeye anadhani amekuacha kijiji cha nyuma.

Wa kuegesha kwenye njia ya baiskeli sitaki hata kuwazungumzia. "Dakika moja tu." Sawa, hiyo dakika moja mimi natoka kwenye njia yangu naingia katikati ya malori.

Nataka kusikia na nyie mnapambanaje, na kama kuna madereva humu karibuni pia, sing'ati, nataka kuelewa tu hiyo honi inafanya kazi gani vichwani mwenu.

Tairi Mbili

Nimeweka kambi hapa.

Mkuu hilo la honi umelisema vizuri sana. Mi nadhani tatizo ni kwamba ndani ya gari honi ni sauti ndogo, vioo vimefungwa, redio inaimba. Nje huku ukiwa na masikio wazi ni kama mtu amekupigia tarumbeta kisogoni. Mwili wenyewe unashtuka, na baiskeli inaenda pale mabega yako yanapoenda, kwahiyo anakupigia honi ili usiyumbe na wewe unayumba kwa sababu ya honi hiyo hiyo, afu anasema umeona hawa watu wa baiskeli wanavyoyumba.

Halafu watu waelewe, baiskeli haiendi kama reli. Hata uwe fundi vipi inacheza kushoto kulia kidogo kidogo, ndivyo inavyosimama wima. Ndio maana wenzetu wakaweka vipimo kabisa vya nafasi ambayo gari liiachie baiskeli linapoipita. Ufaransa ni mita 1 ukiwa mjini na mita 1.5 nje ya mji, Ujerumani tangu 2020 sheria inataka mita 1.5 mjini na mita 2 nje, Uingereza walivyorekebisha kanuni zao za barabarani Januari 2022 wakaandika angalau mita 1.5 kama gari lipo chini ya maili 30 kwa saa, na zaidi ukienda kasi. Mita moja na nusu ni mtoto wa darasa la saba amelala chini katikati yenu. Huyo wako alikuacha sentimita ngapi? Sifuri.

Fulu Tanki

Sasa ngoja niwe mbaya kidogo. Mi ni dereva na nitasema ukweli. Nyie watu wa baiskeli mnapita mataa yakiwa nyekundu, usiku hamna taa, mnavaa hedifoni masikioni, na wengine mnakuja mnatazamana na magari. Mkigongwa lawama kwa dereva. Barabara imejengwa kwa ajili ya magari, mkitaka usalama pandeni basi.

Cheni Imeruka

Mkuu karibu, nilikuwa nakusubiri kwa hamu.

La taa usiku nakupa mia kwa mia, sina utetezi. Mtu anatembea usiku bila taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele huyo anajiombea, na mimi mwenyewe nikiwa naendesha gari la shemeji nimeshawahi kukanyaga breki kwa mtu wa hivyo, moyo ulibaki nyuma. Kuja mnatazamana pia ni ujinga, kwenye makutano dereva anaangalia upande magari yanakotokea, wewe unatokea upande ambao hana sababu ya kuuangalia.

La hedifoni sawa, ila na wewe zima redio basi.

Ila tusifananishe. Mimi nikikosea, anayelipa kwanza ni mimi. Piga hesabu ile ya fizikia, nusu ya uzito mara spidi mara spidi tena. Mimi na baiskeli tuseme kilo 90, tunatembea 20 kwa saa. Gari dogo kilo 1,400 linatembea 50 kwa saa. Jibu linatoka gari lina nguvu ya kugonga karibu mara 97 kuliko mimi. Kwahiyo kosa langu linachubua bampa, kosa lako linanipeleka mochwari. Sisemi nisihukumiwe, nasema mizani iangaliwe.

Spoki 36

"Barabara imejengwa kwa ajili ya magari" hahaha. Mkuu Fulu Tanki hiyo gari yako inatembelea nini? Tairi la upepo si ndio? Tairi la upepo lililoshika soko duniani alilitengeneza daktari wa mifugo anaitwa John Boyd Dunlop kule Belfast, 1887, kwa ajili ya kibaiskeli cha miguu mitatu cha mwanae, maana mtoto alikuwa anarushwa rushwa na matairi magumu. Magari yalikuja kuliazima baadaye. Na Marekani waliokuwa wanapiga kelele barabara zitengenezwe vizuri mwanzoni walikuwa waendesha baiskeli, chama chao kilianzishwa 1880, wakati huo Karl Benz hajapata hata hati ya uvumbuzi wa gari lake, aliipata 1886.

Kwahiyo sisi ndio wenye nyumba, nyie ni wapangaji mliohamia na makochi makubwa.

Fulu Tanki

😂😂 Hilo la makochi nimelikubali. Ila kodi ya mafuta nani analipa?

Spoki 36

Shimo lile lililommeza mwanzisha uzi halijachimbwa na baiskeli mkuu.

Mama Pedali

Wanangu habari zenu. Mimi ni mtu mzima kidogo humu na baiskeli nimeanza uzeeni baada ya daktari kuniambia nitembeze magoti.

Mnasema honi, mimi nawaambia mlango. Nilikuwa napita pembeni ya magari yaliyoegeshwa, mwendo wa taratibu kabisa, wala sina haraka. Kitu cha kwanza nilichosikia ni kitasa, klak, kasauti kadogo mno. Hako kasauti ndiko nakakumbuka mpaka leo, nikiwa jikoni mtu akifungua kabati nashtuka. Mlango ukafunguka mbele yangu kama ukuta, nikabana breki zote mbili na nikaupiga kwa bega. Nikaangukia upande wa barabarani, na ashukuriwe Mungu nyuma yangu hapakuwa na kitu kinakuja. Kijana akatoka, simu bado ipo sikioni, anamwambia wa kwenye simu "subiri kidogo kuna mama ameanguka". AMEANGUKA! Nimeanguka mwenyewe kama embe!

Sasa nikaja kujifunza kitu ambacho nataka kila mwenye gari humu akifanye kuanzia leo. Ukitaka kushuka, usifungue mlango kwa mkono ulio karibu na mlango. Tumia mkono wa mbali. Jaribu hapo ulipokaa, utaona mwili unageuka wenyewe, na ukigeuka macho yanaangukia kwenye kioo na barabarani nyuma. Watu huita mkono wa Kiholanzi, na Waingereza nao wameuweka kwenye kanuni zao za 2022. Haugharimu hata senti.

Na nyie wa baiskeli mkipita magari yaliyoegeshwa kaeni mbali nayo upana wa mlango mzima. Najua mtapigiwa honi kwa kukaa katikati. Pigiweni. Honi haivunji bega.

Tairi Mbili

Shikamoo mama. Pole sana. "Nimeanguka mwenyewe kama embe" nimecheka ila nimeumia.

Kipilefti

Niongezee kwenye hoja ya mwanzisha uzi kwamba wanatuona. Mimi nadhani kuna wanaotuona na kuna ambao kweli macho yamefunguka na hawajaona kitu, na hawa wa pili ni hatari zaidi maana hata honi huipati.

Ukikaa kwenye gari angalia ile nguzo inayoshika kioo cha mbele, pale pembeni. Kwenye magari ya siku hizi ni nene, imewekwa nene ili gari likipinduka paa lisikukandamize. Ila baiskeli nzima na mtu wake inajificha nyuma ya hiyo nguzo vizuri kabisa. Sasa chukulia gari linakuja kwenye makutano na baiskeli inakuja kwa barabara nyingine, wote mnaelekea kwenye sehemu moja kwa mwendo usiobadilika. Kwa dereva wewe unabaki pale pale nyuma ya nguzo muda wote, husogei kwenye macho yake, unakua mkubwa tu taratibu mpaka unatokea kwenye boneti. Ndio dereva anakwambia umetokea wapi, na kwa macho yake hadanganyi.

Dawa ni dereva kusogeza kichwa mbele na nyuma kabla hajaingia barabara kubwa, achungulie pande zote za nguzo. Nusu sekunde. Na kwa upande wetu mimi nikifika kwenye kipilefti au makutano huwa naangalia matairi ya mbele ya gari, sio uso wa dereva. Uso unaweza kukutazama na usikuone, lakini tairi likianza kuzunguka limezunguka, halina unafiki.

Napita Tu

Mnavaa helmeti lakini? Maana naona wengi vichwa wazi halafu mnalia.

Spoki 36

Navaa, na mwanangu anavaa, sitoki bila. Ila helmeti ni ya pale nimeshaanguka, haimzuii mtu kunipita karibu. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Ian Walker, alifunga kipimo kwenye baiskeli yake akapima magari zaidi ya elfu mbili yakimpita, matokeo yakatoka 2007, akakuta akivaa helmeti wanampita karibu zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5. Siku nyingine alivaa wigi la nywele ndefu ili kwa nyuma aonekane mwanamke, wakampa nafasi kubwa zaidi. Katika huo utafiti wenyewe akagongwa mara mbili, basi moja na lori moja 😂. Kuna wengine walipiga hesabu zake upya wakasema tofauti ya helmeti ni ndogo mno kuijali, wabishane wenyewe huko. Mimi nilichobaki nacho kichwani ni wigi.

Tairi Mbili

Kesho naazima wigi la mke wangu, liwalo na liwe.

Mama Pedali

Hiyo ya wigi mimi sijaiona faida yake na nywele ni zangu mwenyewe. Mimi napata kitu kingine, wananipita taratibu wanashusha kioo wanataka kuongea. "Mama unafanya mazoezi?" Naenda kazini mwanangu, ongeza mwendo nyuma yako kuna basi.

Magurudumu 18

Wadau salama. Mimi naendesha lori, tela refu, mwaka wa kumi na mbili. Sijawahi kugonga mtu wa baiskeli na naomba Mungu nistaafu hivyo hivyo. Nimesoma uzi wote kimya kimya ila nina neno.

Kule juu ninapokaa, mtu akisimama mbele kabisa karibu na bampa simuoni. Akikaa ubavuni upande wa mbali na mimi, usawa wa mlango wa abiria, simuoni labda nibahatishe kwenye kile kioo kidogo cha juu. Nyuma ya tela ndio kabisaa. Sasa nyie mnapenda sana kupita kwenye uwazi kati ya lori na ukingo wa barabara tukiwa tumesimama kwenye mataa. Naelewa, foleni ndefu, uwazi upo, kwanini usipite. Lakini lile lori likitaka kukata kona kali halikati kama gari dogo. Kwanza natanua kwenda upande wa pili ili nipate nafasi, na wewe unaona ahaa amenipisha, unaingia. Halafu nakata. Kichwa kinapita mbali na wewe vizuri tu, lakini matairi ya nyuma ya tela hayafuati njia ya kichwa, yanakatia ndani, yanapanda mpaka ukingo wa barabara. Uwazi wote unafungwa kuanzia nyuma. Hapo hata upige kelele vipi mimi nasikia injini yangu tu.

Kanuni ni moja, kama huoni sura yangu kwenye kioo changu basi na mimi sikuoni wewe. Kaa nyuma, subiri nimalize kukata.

Na kuhusu honi nijibu kiungwana maana mwanzisha uzi ameuliza. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja aliyenipa hii kazi kwamba honi unaipiga mbali, fupi, halafu unaondoa mguu kwenye mafuta. Honi na mguu vinaenda pamoja. Mtu anayepiga honi na mguu bado umekanyaga mafuta huyo hajamtahadharisha mtu, amemwambia hama. Nikimbeba turnboi mgeni hilo ndio somo la kwanza na wengi hawalielewi, wanadhani nawaletea uzee.

Cheni Imeruka

Mzee Magurudumu 18 heshima yako. Hicho cha honi na mguu ndicho nilichokuwa nakitafuta kukisema tangu asubuhi nikashindwa. Huyu wangu alipiga honi na mguu uko chini mpaka mwisho, nilisikia injini ikipanda. Kwahiyo nilichosikia nyuma yangu ilikuwa ni amri.

Sasa mimi sijibu upande wa uwazi wa lori maana nimefanya huo ujinga mara nyingi tu. Juzi hapa nimepita ubavuni mwa tela limesimama kwenye mataa, nikajiona mjanja. Nimesoma hiyo ya matairi ya nyuma nimehisi baridi miguuni.

Fulu Tanki

Nyie lakini si mvumilie tu, mbona wazungu huko wanaishi vizuri na baiskeli zao, wenzetu wamestaarabika.

Kipilefti

Mkuu hawakuzaliwa wamestaarabika. Uholanzi unayoiona leo kila mtu na baiskeli yake, mwaka 1971 peke yake watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, zaidi ya 400 kati yao watoto. Wazazi wakachoka. Mwandishi mmoja wa habari ambaye mtoto wake aligongwa akafa aliandika makala, kukaanzishwa harakati inaitwa Stop de Kindermoord, yaani acheni mauaji ya watoto, watu wanalala barabarani na baiskeli zao, wanafunga mitaa kwa meza ili watoto wacheze. Mwishoni mwa 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakajaa barabara kuu na baiskeli na miguu. Ndio njia za baiskeli zilizotengwa kwa ukingo zikaanza kujengwa, taratibu, miaka na miaka. Dereva wa Kiholanzi anakupisha kwa sababu njia yake imechorwa akupishe, na yeye mwenyewe alienda shule na baiskeli, na mama yake sasa hivi yupo barabarani na baiskeli.

Tairi Mbili

Hapo kwenye ukingo ndipo penyewe. Rangi haimzuii mtu. Huku wanachora mstari mweupe na kapicha ka baiskeli, ukinyesha mvua huo mstari wenyewe unateleza kuliko lami, afu magari yanautumia kuegesha. Mi nimeshakuta kapicha ka baiskeli katikati ya matairi manne ya gari, kamekaa kama kamegongwa.

Na mifuniko ya mitaro nani aliiweka ile yenye nafasi zilizolala kufuata njia? Tairi jembamba linazama mzima mzima. Yaani unakimbia gari unaingia kwenye mfuniko.

Napita Tu

Wadau mimi ni yule wa helmeti. Nimerudi kutoa mrejesho. Nimefika home nikakumbuka ya mama ya mkono wa mbali, nikasema ngoja nijaribu. Nimegeuka vizuri kabisa, nimeshika kitasa, nikasukuma mlango nitoke, nikarudishwa kwenye siti kama nimekabwa na jambazi. Mkanda sikuufungua. Watoto wamekaa nyuma wanacheka mpaka sasa hivi.

Ila kweli shingo inageuka yenyewe. Na kulikuwa na mtu wa baiskeli anapita.

Mama Pedali

Mwanangu ubarikiwe. Kesho anza na mkanda.

Fulu Tanki

Haya na mimi niulize swali la kweli sio la ubishi. Nikiwa nyuma yenu barabara nyembamba, kuna gari linakuja mbele, mnataka nifanyeje? Nikae nyuma ya mtu wa spidi 20 mpaka lini? Nyuma yangu kuna kumi wananipigia honi mimi.

Cheni Imeruka

Swali zuri na najua hiyo presha. Kaa nyuma mpaka linalokuja lipite, afu hamia upande wa pili kama unapita gari dogo, rudi. Mara nyingi ni sekunde kumi. Ukijibana katikati yangu na gari linalokuja unatupunja wote watatu. Na mimi nikiona pameachia pembeni, pasipo na shimo, nasogea nakupungia mkono upite, huwa nafanya na wengi tunafanya. Ninachoomba usinisukume na bampa. Nikisikia injini inanipumulia kisogoni ndio nashindwa kabisa kuangalia mashimo, nakuangalia wewe.

Hao kumi wanaokupigia honi ndio umeonja sasa, karibu kwetu.

Fulu Tanki

Hahaha sawa. Sijakubali yote ila nimesoma.

Magurudumu 18

Mwanzisha uzi, ulisema uligeuza shingo kuangalia nyuma. Huna kioo kwenye hendo? Shingo ukiigeuza na baiskeli inafuata, nimewaona wengi wakiyumba hapo hapo.

Cheni Imeruka

Nilikuwa nacho mzee. Kilivunjwa mwaka jana na saitimira ya mtu. Nimekitafuta leo jioni nimekipata, kile cha duara kidogo, nimekaa hapa na bisibisi nakifunga.

Magurudumu 18

Funga upande wa magari.

Cheni Imeruka

Ndio nilikuwa nimeshakaza upande wa pili. Ngoja nifungue.